Mama anaona sisimizi ukutani, uso wangu hauoni

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Mama yangu ana miaka 71 na tunaishi naye Makorora: mimi, kaka yangu wa pili, mkewe na watoto. Kaka mkubwa yuko Muskati kikazi, ndiye anayetusaidia fedha. Mama ni mpika vitumbua anayejulikana mtaa mzima. Wateja wake wengine walianza kununua kwake wakiwa wanafunzi, leo wanatuma watoto wao.

Mwaka jana malalamiko yakaanza. Jirani alinijia kuuliza wamemkosea nini mama, maana alimpungia mkono ng'ambo ya barabara, mama akamtazama kabisa, kisha akapita zake. Baada ya hapo akaja mwingine na kesi ileile. Wifi yangu naye analia kwamba mama anamkata jicho. Hilo hata mimi nimeliona: ukizungumza naye anageuza uso pembeni, anakutazama kwa ncha ya jicho. Msahafu pia siku hizi anaushika upande upande, hausomi kama zamani.

Kinachotuchanganya ni kwamba mama huyohuyo anaona sisimizi wakipanda ukutani. Kuku akiingia jikoni yeye ndiye wa kwanza kumfukuza. Uani anatembea bila kugonga ndoo. Lakini ukimwekea sahani ya wali anauliza nyama iko wapi, nayo iko mbele yake. Amewahi kumrudishia mteja noti ya elfu tano akidhani ni elfu mbili. Kaka yangu anasema mama anachagua cha kuona.

Jicho la kulia lilitolewa mtoto wa jicho miaka kadhaa iliyopita, akapata nafuu. Baadaye likaanza kufifia tena polepole. Miwani tumembadilishia, hakuna tofauti. Kisha tangu baada ya Ramadhani jicho la kushoto, ambalo ndilo alilokuwa akilitegemea, likabadilika ghafla. Anasema fremu ya mlango imepinda na nguzo ya umeme ina kiuno. Tulimpeleka hospitali, wakapiga picha ya nyuma ya jicho, daktari akasema ni ugonjwa wa makula unaotokana na umri. Kulia ni mkavu na umekwenda mbali, kushoto ni wa majimaji, na anatakiwa achomwe sindano ndani ya jicho. Ndani ya jicho, Shangazi! Mama alisimama akaulizia kanga yake. Mjomba akasema anamjua mtu aliyechomwa akapofuka. Tukarudi nyumbani.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mama ameninong'oneza kwamba jioni anaona watoto wadogo waliovaa nguo za rangi, wamepanga mstari kando ya ukuta. Hawasemi kitu. Siku nyingine ukuta wote unajaa maua kama ya kanga. Mjomba alipopata habari akaleta mganga, mama akafukizwa ubani, tukaambiwa ni majini ya baharini yanadai sadaka. Tangu siku hiyo mama amenyamaza. Nahisi bado anawaona, ila anaogopa kusema.

Kaka wa Muskati ametuma chupa za vidonge vya macho, anasema tuachane na sindano, vidonge vina kila kitu. Anauliza pia kama ugonjwa huu ni wa kurithi.

Naomba unisaidie. Mama anajifanya? Ni majini, au ndiyo akili inaanza kumtoka? Na hiyo sindano, inapofusha?

Binti wa Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye haraka, kwa sababu jicho la kushoto la mama halingojei majibu ya safu kama hii. Makula ni kile kieneo kidogo cha katikati, nyuma ya jicho, kinachoona vitu waziwazi, na ugonjwa wake wa majimaji huharibu kwa siku na kwa wiki. Chini ya retina, lile tabaka la neva lililotanda nyuma ya jicho, huota mishipa midogo ya damu isiyo imara. Mishipa hiyo huvuja maji na damu, retina ikavimba na kujikunja, ndipo mlango ulionyooka ukaonekana umepinda na nguzo ikapata kiuno. Pakiachwa bila tiba, palipovuja hubaki kovu, na kovu halina sindano. Kwa hiyo rudini hospitali wiki hii. Mapokezini usiseme tu "macho yanamsumbua", maana mtawekwa na wanaosubiri miwani. Sema: mama aliambiwa ana makula ya majimaji jicho la kushoto na hajaanza sindano.

Kama pale mlipokwenda hakuna dawa au daktari wa retina, ombeni rufaa. Idara za macho za KCMC Moshi na Muhimbili, pamoja na CCBRT Dar es Salaam, ndiko ningeulizia kwanza. Pigeni simu kabla ya kukata tiketi ya basi, muulize kama daktari wa retina yupo siku hiyo na kama mashine ya OCT inafanya kazi. Mashine hiyo hupiga picha ya matabaka ya retina kwa mwanga, haigusi jicho wala haiumi, na ndiyo itakayoonyesha kama bado kuna majimaji ya kukausha au pameshakuwa kovu. Ulizeni pia bima yenu inalipia nini. Mkiwa huko apimwe sukari na presha, kwa sababu kisukari nacho huvimbisha makula, na ni vyema daktari ajue anapambana na adui mmoja au wawili.

Sindano sasa. Neno "ndani ya jicho" linatisha, nami simlaumu mama kwa kuulizia kanga. Lakini aelezwe inavyofanyika, na aelezwe na mtu aliyetulia, si mjomba. Anawekewa matone ya ganzi, jicho linasafishwa kwa dawa ya ayodini, kope zinashikiliwa kwa kifaa zisifumbe. Sindano yenyewe ni nyembamba mno. Inaingia kwenye weupe wa jicho, pembeni, wala haipiti kwenye mboni. Tendo lenyewe ni la sekunde chache, na wengi husikia kama kubonyezwa tu. Siku hiyo na kesho yake jicho linaweza kukereketa, doa jekundu likatokea kwenye weupe, vidoa vyeusi vikaelea. Hayo hupita.

Kisichopita ni maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka na uoni unaoshuka katika siku zinazofuata. Hayo ni maambukizi ndani ya jicho, ni dharura, na mtu hurudi hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Hutokea kwa nadra, chini ya mara moja katika sindano 1,000, lakini hutokea, na inawezekana ndilo lililompata huyo mtu wa mjomba. Inawezekana vilevile kwamba alichomwa akiwa ameshachelewa, jicho likaendelea kufa, sindano ikabeba lawama. Ya pili hii ndiyo hadithi ninayoisikia mara nyingi zaidi.

Je, inasaidia? Kabla ya dawa hizi daktari hakuwa na mengi ya kumpa mgonjwa wa majimaji. Utafiti mkubwa wa ranibizumabu, inayouzwa kwa jina la Lucentis, ulichapishwa mwaka 2006. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila wagonjwa 100 waliochomwa, kama 95 walikuwa wamenusurika na anguko kubwa la uoni. Kwa wasiochomwa dawa walikuwa 62. Na theluthi moja ya waliopata kipimo kikubwa cha dawa hiyo waliona vizuri kwa dhahiri kuliko walivyoanza. Ipo pia bevasizumabu, au Avastin, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani. Chupa yake hugawanywa katika vipimo vidogo vidogo vya jicho, ndiyo maana bei yake ni nafuu sana. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani uliziweka dawa hizo mbili bega kwa bega na kukuta zinalinda uoni karibu sawa, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza bevasizumabu ya jicho katika orodha yake ya dawa muhimu. Mkipewa ya bei nafuu msijione mmedhulumiwa. Cha kuuliza ni kama vipimo vinagawanywa katika mazingira safi ya famasia ya hospitali. Na kama mama amewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, daktari aambiwe kabla.

Jambo moja familia nyingi huambiwa nusunusu: sindano haiponyi. Inafunga uvujaji kwa muda. Kawaida huanza na tatu, moja kila mwezi, kisha daktari hupanga nafasi kati ya sindano na sindano kwa kuangalia OCT, na wengi huendelea kwa miaka. Ukiacha baada ya ya kwanza kwa sababu "ameshapata nafuu", mishipa hurudi kazini. Pangeni fedha za safari ndefu, siyo za siku moja.

Jicho la kulia ni habari nyingine. Huo ni makula mkavu, ambao ndio wa wengi. Kama tisa katika kila wagonjwa kumi wana aina hiyo. Chini ya retina hujikusanya vichembe vya rangi ya manjano, halafu miaka inavyokwenda chembe za kuonea za hapo katikati hunyauka zenyewe, bila damu wala maji. Sindano niliyoieleza haina kazi huko. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuchoma kwa hatua ya mwisho ya ukavu, lakini hupunguza kasi tu, hazirudishi kilichokwenda. Sitaki mtu akuuzieni ndoto ya hizo.

Na upasuaji wa mtoto wa jicho haukuharibika. Ule uliondoa lenzi iliyoingia ukungu mbele ya jicho. Makula iko nyuma kabisa, ni eneo la milimita tano hivi katikati ya retina. Miwani hupeleka taswira safi hadi pale, lakini pale penyewe pamechakaa, ndiyo maana mmebadilisha miwani na hakuna kilichobadilika. Acheni kununua mingine mpaka daktari wa retina aseme.

Nije sasa kwa huyo kaka yako anayesema mama anachagua cha kuona. Mwite, mwambie afumbe jicho moja, akunje ngumi, ainyooshe mbele hadi ifunike uso wako, na asiondoe macho kwenye ngumi hiyo. Ataona kanga uliyovaa, ataona miguu yako, ndoo, mlango, kuku anayekatiza kwa pembeni. Uso wako hatauona. Akihamisha macho kukutafuta, ngumi nayo iwe inahama pamoja nayo. Akae hivyo muda wa kunywa chai, kisha aseme tena kwamba mama anajifanya.

Makula ndiyo inayosoma herufi, inayotambua sura, inayotofautisha zambarau ya elfu tano na rangi ya elfu mbili. Sehemu iliyobaki ya retina inaona mwendo, kingo na vizuizi, na kwa mama hiyo ni nzima. Sisimizi ukutani wako pembeni mwa macho yake na wanatembea. Uso wako uko katikati na umetulia. Nyama iliyo mbele yake kwenye sahani imeangukia shimoni. Ndiyo maana ugonjwa huu kwa kawaida haumwachi mtu gizani kabisa, na ndiyo maana ni mkatili kwa namna yake: mgonjwa anatembea kama mzima, na watu wanamhukumu kama mzima.

Hata hilo la kukata jicho. Mama yako, bila kufundishwa na mtu, amegundua kwamba akigeuza uso kidogo anakuleta kwenye sehemu ya retina inayofanya kazi. Wataalamu wa kliniki za uoni hafifu huwafundisha wagonjwa jambo hilohilo kwa wiki kadhaa, kuangalia kwa pembeni. Anapomgeuzia wifi yako ncha ya jicho, ndipo anapomtazama kwa bidii zote alizonazo. Ningependa wifi asikie hilo leo, kabla hata ya safari ya hospitali, na alisikie kwako. Msahafu vivyo hivyo. Mwacheni aushike anavyotaka, ila mtafutieni wenye maandishi makubwa, na taa isimame nyuma ya bega lake imulike ukurasa, isimpige usoni.

Tuje kwa watoto wa ukutani.

Mwaka 1760 mwanazuoni wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika juu ya babu yake mzaa mama, mzee wa karibu miaka 90, mwenye akili timamu, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Mzee huyo alikuwa akiona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi na majengo, vyote kimya, na akijua fika kwamba havipo. Hali hiyo leo inaitwa kwa jina la Bonnet, na madaktari wa macho wanaifahamu vizuri. Ubongo uliozoea kupokea picha mchana kutwa ukinyimwa picha huanza kutengeneza zake. Huchora maua, mistari, sura, watu wadogo waliovaa nguo za kupendeza, na huchora zaidi jioni, mwanga unapopungua na nyumba ikatulia. Soma tena barua yako. Watoto, nguo za rangi, kimya, jioni, ukuta wenye maua. Mzee wa Bonnet aliishi Geneva, hakuna bahari, na majini ya pwani hayakuwa na deni naye.

Sisemi hivyo kumkejeli mtu. Nyumba nyingi za pwani humwombea mgonjwa na kumsomea, na mama akipata utulivu katika dua, aombewe. Nitagomba tu na moshi wa kufukiza macho yanayouma, na chochote kitakachotiwa ndani ya jicho, iwe asali, maziwa, maji ya majani au kombe. Ongezea matone ya dukani yenye steroidi ambayo watu hupeana kama pipi; yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Gharama kubwa zaidi ya yule mganga lakini ni kwamba mama amenyamaza. Sasa anabeba peke yake, akijiuliza kama ana wazimu.

Kwa hiyo mkalishe mkiwa wawili, umwambie kwamba anayoyaona yanajulikana kwa madaktari, kwamba ni macho na wala si akili, na kwamba wapo wengi wenye hali hiyo wasiosema kwa hofu kama yake. Kwa wengi kulijua tu hupunguza nusu ya mzigo. Watoto wakija, awashe taa, apepese macho, ahamishe macho kulia na kushoto mara kadhaa bila kugeuza kichwa, au ainuke akauguse ukuta. Mara nyingi hutoweka. Kwa baadhi ya watu hupungua vyenyewe kadiri muda unavyokwenda, ingawa wengine hukaa nayo kwa miaka. Umuulize pia, kwa upole: hao watoto wanasema chochote? Wanamwamrisha? Anaamini wapo kweli? Anasahau siku, anapotea njia ya nyumbani, ana homa, ameanza dawa mpya? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, daktari aambiwe, maana maruerue yana milango mingine ya kuingilia nayo inahitaji uchunguzi wake.

Vidonge vya Muskati. Kaka yako ana nia njema na nusu ya ukweli. Tafiti mbili za Marekani, ya mwaka 2001 na ya 2013, zilionyesha kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini hupunguza kwa kama robo uwezekano wa ugonjwa kufika hatua ya mwisho. Lakini waliofaidika walikuwa wenye ugonjwa wa hatua ya kati, au wenye jicho moja tu lililofika mwisho. Haukumzuia aliye mzima asiupate, wala haukukausha jicho linalovuja. Kwa mama, ambaye macho yote mawili yameshafika mbali, vidonge si mahali pa kuanzia kutoa fedha. Achukue chupa moja aende nayo kwa daktari, aisome, aamue. Na muisome nyie pia: kama kuna beta-karotini, mvutaji wa sigara asiviguse, kwa sababu kwa wavutaji iliongeza saratani ya mapafu. Mwambie kaka kwamba fedha za chupa inayofuata anunulie sindano na nauli. Mchicha, matembele na kisamvu vina luteini ya kutosha kwa sahani ya kila siku, na samaki mnao.

Kurithi kupo. Mwaka 2005 watafiti waliigundua jeni iitwayo CFH, na baadaye nyingine kadhaa, ambazo zikija kwa umbo fulani huongeza uwezekano wa kuugua. Mtoto wa mgonjwa yumo hatarini kuliko asiye mtoto wa mgonjwa, lakini si hukumu. Umri ndio mzito kuliko vyote, na baada ya umri, katika vile ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha, ni sigara. Katika nyinyi watatu yupo anayevuta? Hukusema, nami sitabahatisha, ila anajijua.

Na asikudanganye mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli wao huupata zaidi, hasa hatua zake za mwisho, na kwetu mtoto wa jicho na presha ya macho ndivyo vinavyotangulia kupofusha. Hata hivyo uchunguzi uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta dalili za mwanzo za makula kwa kama 11 katika kila 100, na hatua ya mwisho kwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100. Wapo mitaani kwetu. Tatizo huitwa uzee, basi linaishia hapo.

Mkifika umri wa miaka 40 hivi, watoto wote wa mama mkapimwe retina, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa matone. Nyumbani chukua daftari la hesabu la viboksi, weka nukta nyeusi katikati ya ukurasa. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, shika daftari umbali wa kusomea, fumba jicho moja, tazama nukta. Mistari ikipinda, ikikatika au pakawa na doa, nenda hospitali siku hizo hizo. Daktari Marc Amsler wa Uswisi ndiye aliyekieneza kipimo hiki miaka ya 1940, na hadi leo hakijapata cha kukizidi kwa bei. Siri yake ni kufumba jicho moja moja. Macho mawili yakiwa wazi, zima humfichia gonjwa, na ndivyo la kulia la mama lilivyokwisha bila mtu kujua uzito wake.

Kuhusu majirani, itabidi utembee. Nenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara na wenzake, uwaambie mama hazioni sura, sauti anazijua. Asiyepungiwa asikasirike, mwenye kumwamkia aseme na jina lake: "Shikamoo mama, ni mimi fulani." Mtaa ukishazoea, hata msibani atarudi kwenda. Mkitembea naye msimvute mkono, yeye ndiye akushike kiwiko, wewe utangulie nusu hatua. Mkitoka juani kuingia ndani mwa nyumba yenye kiza, simameni mlangoni kidogo, maana macho ya ugonjwa huu huchelewa sana kuzoea giza.

Mezani, wali mweupe usikae kwenye sahani nyeupe. Mpe sahani ya buluu au nyekundu, umwambie nyama iko upande gani. Chai ya rangi kwenye kikombe cheupe ataiona inapopanda, uji kwenye kikombe hichohicho hatauona. Kopo la chumvi lifungwe mpira wa raba, la sukari liachwe bila mpira, na dawa zake vivyo hivyo. Simu nyingi za kisasa zina sauti inayosoma kilicho kwenye kioo, na kamera yake hukuza maandishi kama kioo cha kukuzia. Wajukuu watamfundisha kabla ya magharibi kuingia.

Na vitumbua. Naona umeviandika mwanzoni kabisa, ukaogopa kuniuliza. Mafuta ya moto mama asiyasogelee tena, hapo sina mjadala. Rojo jeupe ndani ya chuma cheusi huenda analiona, ila mafuta hayaoni na mvuke hauoni. Lakini kuloweka mchele, kupima hamira, kujua kama rojo limeumuka na iliki imekolea, hakuna hata kimoja kinachohitaji makula. Abaki na hivyo. Wifi akae kwenye jiko, akimwagiwa maelekezo. Noti mzikunje kila moja kwa mkunjo wake, elfu moja hivi, elfu mbili vile, elfu tano isikunjwe, ili azijue kwa vidole. Na mauzo ya siku yahesabiwe mbele yake, kwa sauti.

Shangazi